Mkongo Aliyezaliwa Kericho na Ol Kalou

Siku ya kuniaga mlinipa blanketi na saa ya ukutani. Blanketi nimelielewa. Saa kwa mtu ambaye hana tena mahali pa kuwahi, hiyo imenishinda, ingawa nimeitundika jikoni nayo inakimbia mbele kana kwamba bado imeajiriwa. Kisha mkaniomba niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukisaidia wakimbizi na wageni kabla nyinyi hamjaja. Haya, nimekaa na chai yangu. Kuhusu vyeo na mishahara sina la kuandika. Vyeo havikuwepo, na mshahara mnaujua.

Ofisi yetu ya kwanza ilikuwa Free Area, hapa Nakuru, juu ya bucha. Ikifika mchana, harufu ya nyama choma ilipanda ngazi na kuingia ofisini kabla ya mteja, na Wakili Wafula akaanza kuuliza maswali mafupi mafupi ili apate kuteremka. Wakili Wafula ndiye aliyenifunza kazi. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya mwalimu wa Sunday school, na gari lake halikuwaka bila kusukumwa. Wateja wetu wengi walianza uhusiano wao na sheria ya Kenya kwa kusukuma gari la wakili wao. Mimi niliajiriwa kuwa msaidizi wa kisheria, yaani kuandika maelezo, kutafsiri, kuchemsha chai, kwenda kituo cha polisi kuuliza nani ameshikwa, na kumkumbusha wakili kwamba leo kuna korti na hajavaa tai.

Siku yangu ya kwanza nilitaka kuonekana mtu wa ofisi, kwa hiyo nilivaa sketi ya bluu na sweta ya bluu. Nilionekana polisi. Mama mmoja Mrundi aliyekuwa akiuza mandazi karibu na stendi alipanda ngazi, akachungulia, akaniona, akasema, "Samahani, nimepotea," akageuka. Wakili akaniambia nimfuate. Nikamfuata, na kadiri nilivyomwita ndivyo alivyozidisha mwendo, mpaka akaingia saluni na kukaa kwenye kiti kama mteja. Nami sikuona njia nyingine. Nikakaa kiti cha pili nikasema nisukwe. Kufikia nusu ya kichwa changu, alikuwa ameshanieleza kwamba mtoto wake amekataliwa shuleni kwa kukosa cheti cha kuzaliwa, na kwamba mimi nina nywele ngumu. Nikarudi naye ofisini upande mmoja nimesukwa, upande mwingine nimesimama wima. Wakili alinitazama kidogo, kisha akauliza mtoto ni wa darasa la ngapi. Mtoto aliingia shule. Ile sweta nilimpa askari wa bucha, ikamwongezea heshima.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Kulikuwa na benchi, thamosi, mwavuli mmoja wa ofisi ambao kila mtu alidhani ni wake, na extension ndefu ya umeme yenye matundu mengi. Hiyo extension ndiyo iliyoleta wateja wengi kuliko bango letu. Mtu aliyekimbia kwao haji tu kwa wakili na kusema nimekuja nisaidiwe. Anakuja kuchaji simu. Anakaa benchi, anakunywa chai, anazungumzia mvua, na simu ikikaribia kujaa ndipo anasema, kwa sauti ya kuulizia mtu mwingine, kwamba kuna rafiki yake mmoja amepewa barua asiyoielewa. Wakili Wafula alinionya nisiulize huyo rafiki ni nani. Alisema tumsaidie rafiki vizuri, na mwenyewe atajitokeza. Alijitokeza kila mara, isipokuwa jamaa mmoja ambaye kweli alikuwa na rafiki.

Jambo la pili alilonifunza lilikuwa majirani. "Moraa," alisema, "mahakama inaweza kumtoa mtu ndani. Majirani ndio wanafanya asirudi." Kwa hiyo kila kesi tulitafuta watu wanaomjua mteja: landlord, pasta, akina mama wa chama, mzee wa nyumba kumi. Nilimwona mama mwenye nyumba wa Lanet akiingia kituo cha polisi na godoro kichwani, kwa sababu mpangaji wake, mwanafunzi kutoka Sudan Kusini, alikuwa ameshikwa, na yeye alitaka wajue huyo kijana ana kifua na hawezi kulala kwenye simiti. OCS, mkuu wa kituo, alilitazama lile godoro, akatazama cell yake ilivyojaa, akaanza kuuliza kama kesi yenyewe ni kubwa kiasi hicho. Haikuwa.

Lakini mapenzi ya majirani ni kama dawa ya viazi, yana kipimo. Hilo nililijua Molo, kwenye kesi ya Faustin, na ndiyo ninayotaka muijue vizuri kuliko zote.

Faustin alikuwa Mkongo kutoka milima ya Kivu. Alivuka mipaka, akaandikishwa kama mkimbizi, akakaa kambini muda fulani, na joto la kule likamshinda. Siku moja akapata lifti kwenye lori la viazi lililokuwa likirudi Molo tupu. Aliniambia kwamba alipoteremka na kuona ukungu, matope na viazi, alidhani amerudi nyumbani kwa bahati mbaya. Akabaki. Kazi yake ilikuwa kutengeneza pampu za mgongoni za kunyunyizia dawa, na mnajua Molo pampu ikikwama wakati wa mvua, viazi vinaoza shambani huku unatazama. Hakuna mtu aliyependwa kama yeye. Kasoro ilikuwa moja. Karatasi yake ya ukimbizi iliisha muda, naye aliogopa kwenda kuomba nyingine kwa sababu hakuwa na ruhusa ya kuishi nje ya kambi. Akaamua kwamba asipoifikiria, shida hiyo itaisha yenyewe. Wateja wetu wengi wana imani hiyo, na mimi pia ninayo kuhusu meno.

Alishikwa kwenye kizuizi cha barabarani akiwa amebeba pampu tatu, moja mgongoni na mbili mikononi. Polisi walidhani ameziiba. Alipoeleza kwamba ni za watu, wakauliza yeye ni mtu wa wapi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Akashtakiwa kuwa nchini bila ruhusa.

Wakili Wafula alieleza kesi hiyo kwa urahisi. Kama ni mkimbizi aliyeandikishwa, sheria haimruhusu mtu kumrudisha alikokimbia. Anapewa nafasi ya kuhuisha karatasi na kuomba ruhusa ya kukaa Molo. Kama si mkimbizi, anafungwa, kisha anavushwa mpaka. Na huko alikotoka kulikuwa na watu wenye bunduki waliokuwa wakimtafuta kwa jina. Ndugu yake walikuwa wamempata. Faustin alinieleza hayo kwenye cell, akiwa ameshika vyuma, na kwa mara ya kwanza sikumwona akitabasamu.

Ofisi ya wakimbizi ilithibitisha kwamba jina lake lipo. Kilichobaki ni watu wa Molo kuja kusema wanavyomjua. Nikapanda huko nikakutana na mzee wa nyumba kumi, Mzee Koech, mrefu, mkimya, ambaye kofia yake ilikuwa na umri wa kutosha kupiga kura. Pamoja naye alikuwa Cucu Nyambura, ambaye jirani zake wote, hata wasio Wakikuyu, walimwita Cucu, yaani nyanya. Alikuwa mfupi, mwenye shamba la viazi linalopakana na la Mzee Koech, na mdomo uliofanya kazi ya wote wawili. Nikawaambia waje kortini kumsemea Faustin.

"Usijali, Madam," alisema Cucu. "Huyo tutamtetea mpaka hakimu achoke."

Ningekuwa na akili, hapo ningeanza kujali.

Siku ya kesi, mashahidi walikaa nje, kama sheria inavyotaka, ili mmoja asisikie mwenzake anasema nini. Mzee Koech akaitwa kwanza. Akavua kofia, akaapa, akasimama kama mlingoti. Wakili Wafula akamuuliza anamjua vipi mshtakiwa.

"Huyu ni mtoto wa dada yangu," akasema Mzee Koech. "Alizaliwa Kericho. Anaitwa Kiprotich, kwa sababu alizaliwa jioni ng'ombe wakirudi."

Wakili Wafula alifungua mdomo akausahau hapo. Kiongozi wa mashtaka, kijana mtaratibu aliyekuwa ameandaa maswali yake kwa kesi tofauti kabisa, akainuka polepole.

"Mzee, huyu mshtakiwa anaongea Kikalenjin?"

"Anasikia."

"Anaongea?"

"Ako na haya," akasema Mzee Koech.

Akaondoka kizimbani akiwa ameridhika. Wakili alitaka kuishia hapo, lakini Cucu alikuwa ameshasikia jina lake likitajwa mlangoni, na Cucu hazuiliwi. Akaingia, akaapa kwa nguvu kuliko alivyoombwa, akamwonyesha Faustin kwa kidole.

"Huyo ni mjukuu wangu. Ni wa kijana wangu wa mwisho. Alizaliwa Ol Kalou, na mimi ndiye nilimwogesha maji ya kwanza. Anaitwa Njoroge."

"Kwa nini basi kwenye mashtaka anaitwa Faustin?" akauliza yule kijana.

"Ni jina la ubatizo. Kwani wewe hukubatizwa?"

Hakimu alikuwa mama mwenye miwani, mtu wa makini asiyependa kelele. Aliweka kalamu chini, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Mshtakiwa," akasema, "simama. Kwa mujibu wa mashahidi wako, ulizaliwa Kericho na Ol Kalou. Una la kusema?"

Faustin aliinuka. "Mheshimiwa," akasema, "miye sikuwa na habari."

Watu walicheka mpaka karani akapiga meza. Mimi pia nilicheka, nikiwa nimeinamisha kichwa, mpaka nilipomtazama Wakili Wafula. Hakuwa akicheka. Na hakimu alipoanza kusema, nikaelewa. Mshtakiwa anasema ni mkimbizi, alisema, na mashahidi wake wawili wameapa kwamba ni Mkenya. Kama ni Mkenya, kitambulisho kiko wapi? Na kama si mkimbizi, analindwa na nini? Akawapa wale wazee onyo kuhusu uongo wa kiapo, onyo ambalo Cucu alilipokea kwa kutikisa kichwa kwa huruma kana kwamba linamhusu mtu mwingine. Akaahirisha kesi, akasema mashahidi watarudi, na wakirudi wafikirie vizuri.

Kabla hawajamrudisha rumande nilipata nafasi ya kusema na Faustin. "Mama Moraa," akaniambia, "leo nimekuwa Mukalenjin na Mukikuyu siku moja, na bado niko ndani. Mukenya wa makabila mawili, na hata moja haijanifungulia mulango." Alicheka, kisha akaacha ghafla. "Ule ndugu yangu, banamuita hivi tu, kwa jina, akatoka njee. Mimi nikirudi kule, batanijua."

Nje, tukiwa tunasukuma gari, Wakili Wafula aliniambia kwamba wale wazee wakirudia walichosema, Faustin amekwisha. Akaniambia nipande Molo nizungumze nao. Niliuliza niwafunze cha kusema. "Usiwafunze kitu," akasema. "Waambie tu waseme ukweli. Kwani ni kitu kigumu?" Gari likawaka, akaondoka bila kungoja jibu, kwa sababu akisimama linazima.

Nilifika kwa Cucu Nyambura mvua ikinyesha. Njia ya kwake ilikuwa tope la kunyonya viatu, na kimoja kilinyonywa kweli, nikaingia jikoni na kiatu kimoja mkononi. Cucu hakushangaa. Alinipa stuli karibu na moto, akanipa viazi vya kuchemsha na chai, akaniambia nikaushe soksi. Baada ya muda akaingia Mzee Koech na chupa ya maziwa, akaketi mahali pake. Nasema mahali pake kwa sababu stuli ile ilikuwa tayari upande wa ukuta, na hakuna aliyemwonyesha.

Nikawaeleza. Nilieleza sheria ya wakimbizi kwa Kiswahili rahisi, mara mbili, na mara ya pili nikitumia viazi. Hiki hapa ni Mkenya. Hiki ni mgeni aliyekuja kwa hiari. Na hiki ni mkimbizi. Sheria imeweka mkono wake juu ya hiki cha tatu peke yake, kwa sababu hana kwao pa kurudi. Nyinyi mkikichukua mkakiweka hapa pamoja na hiki cha kwanza, ule mkono unaondoka. Cucu alivitazama kwa makini, akachukua kiazi kilichokuwa mkimbizi, akakimenya, akaniwekea kwenye sahani.

"Kula," akasema. "Umekonda, msichana wangu."

Nilikuwa na wajukuu wakati huo, na sikuwa nimekonda.

"Cucu, nataka useme tu kwamba Faustin si wa hapa. Kwamba ni mgeni kutoka Kongo."

"Hilo siwezi."

"Kwa nini?"

"Nimesema siwezi. Nitasema ni mtu mzuri. Nitasema alitengeneza pampu yangu na akakataa kitu chochote ila viazi. Lakini nisimame mbele ya serikali, nimwelekezee mtu kidole, niseme huyu si wa hapa? Hayo maneno hayatatoka kwa mdomo wangu."

Nikamgeukia Mzee Koech nikidhani nitapata msaada. Alikuwa akitazama mvua kupitia mlangoni.

"Madam," akasema, "hapa kwetu kuna swali watu hawaulizani. Huyu ni wa wapi. Walishawahi kuuliza, nyumba kwa nyumba. Mimi niliona majibu ilifanya nini."

Mtu yeyote wa umri wangu aliyeishi Nakuru anajua alizungumzia miaka gani, na haijatokea siku nikataka kuieleza. Nililelewa katika mtaa wa reli ambapo miaka ile mama yangu alilaza sebuleni watu waliofukuzwa kwao kwa sababu ya kabila na hakutuambia majina yao. Niliona huzuni, na pia niliona haya kidogo, kwa kuwa nilikuwa nimekuja na viazi vyangu vitatu kuwafundisha wale wazee ukimbizi ni nini.

Nikajaribu mara ya mwisho. "Cucu, wakati ule aliyesema mtu ni mgeni alitaka kumfukuza. Hapa ni kinyume. Faustin atakaa kwa sababu ni mgeni. Ukimficha, ndipo atafukuzwa."

Cucu alifikiria. "Ni sheria ya ajabu," akasema.

"Ni ya ajabu."

"Nani aliitunga?"

"Wazungu na Bunge, Cucu. Na watu wengi waliokuwa wamekimbia."

"Hao wa mwisho labda walijua," akasema. Akainuka, akaniletea gunia. "Hivi ni vya wakili. Mwambie nitaomba Mungu. Sijasema ndio."

Nikashuka Nakuru na kiatu kimoja kimejaa tope na viazi vya watu wanane, bila jibu lolote. Wakili Wafula alivipenda viazi. Kuhusu jibu, aliiacha chai yake ikapoa, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu niajiriwe.

Siku ya kurudi kortini ukumbi ulijaa. Wakulima walikuja na makoti yao mazito, gumboots zikiwa zimeoshwa. Habari ya Kiprotich Njoroge ilikuwa imefika mpaka Elburgon, na wengine, nina hakika, walikuja kuona atazaliwa wapi mara hii. Faustin alikaa kizimbani mikono kati ya magoti. Alinitazama, nikajaribu kumwonyesha uso wa matumaini. Baadaye aliniambia nilionekana kama mtu anayeumwa na jino.

Cucu ndiye aliyeitwa kwanza. Alivaa kitambaa cheupe cha kanisani. Aliapa, mara hii polepole. Wakili Wafula akauliza swali moja tu: mshtakiwa ni nani.

Cucu alimtazama Faustin. Karani aliinua kichwa. Niliona mikono ya Cucu ikishika mbao za kizimba, na nikajua kwamba asiposema sasa hatasema kamwe.

"Anaitwa Faustin," akasema. "Ni wa Kongo. Alikuja na lori, akiwa na shati nyepesi, akitetemeka. Nikampa koti ya mzee wangu aliyekufa. Si mjukuu wangu. Si Mkikuyu. Ni mkimbizi."

Kiongozi wa mashtaka akasimama, akiwa na heshima yote, na akauliza alichopaswa kuuliza.

"Cucu, mara ya kwanza uliapa kwamba ulimwogesha maji ya kwanza. Ulidanganya mahakama?"

"Nilimficha," akasema Cucu.

"Kuficha na kudanganya si ni kitu kimoja?"

"Kijana, wewe hujawahi kufichwa." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemweleza mwingine njia. "Mimi nimefichwa. Walikuja kuuliza nani si wa hapa, na mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa mtu. Huyo mtu aliwaambia hakuna mgeni hapa, ni dada yangu ni mgonjwa amelala. Wakasema wacha tumwone. Akasimama mlangoni, akasema dada yangu hatazamwi. Wakaenda. Kwa hiyo mimi najua mtu anaokolewa namna gani. Unasema ni wako. Hatukujua kuna njia nyingine mpaka huyu Madam alipokuja na viazi."

Hakimu aliuliza kwa sauti ndogo, "Huyo mtu yuko wapi sasa?"

"Ako hapo nje, Mheshimiwa. Anangoja kuitwa. Amevaa kofia."

Sikuwahi kujua. Nilikuwa nimekaa jikoni kwao, nimekula viazi vyao, nimeona stuli yenye mwenyewe, na hawakuniambia. Nililia pale kortini bila kujificha, na Wakili Wafula akanipa tai yake nifute machozi kwa sababu alikuwa hana leso.

Mzee Koech akaingia, akavua kofia. Yeye, kama sheria inavyotaka, hakuwa amesikia neno lolote. Akaapa. Akasema kwamba mshtakiwa anaitwa Faustin, ni Mkongo, ni mkimbizi, ni fundi, na yeye kama mzee wa nyumba kumi anaomba aachwe akae Molo kwa sababu watu wanamtaka na mvua imeanza. Akasema pia kwamba yule Kiprotich hayupo, na anaomba msamaha kwa kumleta kortini.

Kiongozi wa mashtaka alikuwa na haki ya kukaa chini. Lakini alikuwa kijana, na nadhani alitaka kujua kwa ajili yake mwenyewe.

"Mzee, swali moja. Unamjua Cucu Nyambura, huyu aliyekaa hapa?"

"Namjua."

"Ni nani kwako?"

Mzee Koech alimtafuta kwa macho mpaka akamwona yule mama mfupi mwenye kitambaa cheupe. Nadhani alielewa kitu, maana alinyoosha mgongo.

"Ni dada yangu."

"Mzee," akasema yule kijana taratibu, "kumbuka umeapa."

"Nakumbuka. Wacha waandike."

Kijana akakaa. Hakimu akaandika, na hakuna aliyemwona akifuta. Kisha akasema mahakama imeridhika kwamba mshtakiwa ni mkimbizi, kwamba asirudishwe kule alikokimbia, kwamba apewe muda wa kuhuisha karatasi zake na kuomba ruhusa ya kukaa mahali ambapo, kwa maneno yake, ni wazi ana watu. Faustin hakuelewa Kiingereza cha hukumu mpaka nilipomtafsiria. Alipoelewa alikaa chini, akaambiwa asimame, akashindwa, na hakimu akamwacha akae.

Nje jua lilikuwa limetoka. Wakulima wawili walikuwa wamekuja na pampu zao kabisa, wakamkabidhi Faustin pale pale kwenye ngazi za korti. Wakili Wafula alikuwa akitafuta watu wa kusukuma gari, na siku hiyo walijitokeza wengi mpaka likawaka kabla hajaingia. Mimi nilisimama na wazee wangu wawili nikingoja kuwashukuru. Cucu alikuwa amemshika Mzee Koech mkono wa koti, akimgombeza kama kawaida.

"Koech, kwani hukusikia? Tuliambiwa leo tuseme ukweli tupu."

Mzee Koech akavaa kofia yake, akaiweka sawa.

"Si nimesema," akamjibu.